Sababu, Uwezo na Nia: Maadili na Nguvu Baina ya Mataifa

Tarehe 2 Novemba 1978 Rais Julius Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba nchi itapigana na Idi Amin, mtawala wa Uganda. Majeshi ya Uganda yalikuwa yameteka ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, na Amin alikwisha kuitangaza kuwa ya Uganda. Nyerere alitaja mambo matatu ambayo watu wa kizazi kile wanayakumbuka hadi leo: sababu ya kumpiga Amin ipo, uwezo upo, na nia ipo.

Yalikuwa maneno ya kuamsha ari ya taifa. Hata hivyo, mambo hayo matatu yanakaribiana sana na masharti ya nadharia ya vita vya haki, ambayo wanafikra wameyajadili tangu Augustino na Thomas wa Akwino hadi Michael Walzer, ambaye kitabu chake juu ya suala hili kilitoka mwaka 1977. Nao huuliza kama sababu ni ya haki, kama nia ni safi, na kama lengo linaweza kufikiwa. Katika sura hii tutaipima Vita ya Kagera kwa masharti hayo, ili tuone maadili yana kazi gani katika ulimwengu usio na serikali juu ya serikali.

Hoja ya mwenye nguvu

Wapo wanaosema maadili hayana kazi yoyote. Mwaka 416 kabla ya Kristo majeshi ya Athens yalikizingira kisiwa kidogo cha Melos. Mwanahistoria Thucydides ameandika mabishano ya pande hizo mbili. Watu wa Melos walidai haki yao. Wajumbe wa Athens wakajibu kwamba haki hujadiliwa baina ya walio sawa kwa nguvu, na asiye na nguvu hana budi kukubali. Kwa Kiswahili tungesema: mwenye nguvu mpishe. Melos walikataa kupisha. Waliposhindwa, wanaume wao waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani.

Wanadharia wa uhalisia, akiwemo Hans Morgenthau, wanatukumbusha kwamba taifa linalosahau nguvu huliwa. Wana haki ya kutukumbusha. Lakini hata wababe hutafuta sababu. Amin hakusema ameichukua Kagera kwa kuwa anaweza; alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza uchokozi. Askari hupigana vizuri zaidi wanapoamini wana haki, na majirani huchelewa kumpinga mtu mwenye hoja. Mwanahistoria E. H. Carr aliliona hilo mwaka 1939: siasa ya nguvu tupu haidumu, na siasa ya maadili matupu haitekelezeki.

Sababu

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1963, ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Katazo hilo lilikuwa la kimaadili. Nchi changa zilizotoka ukoloni zilihitaji kinga dhidi ya wakubwa. Lakini kinga ya nchi iligeuka kuwa kinga ya mtawala. Watu wengi mno, kwa makadirio mengi zaidi ya laki moja, waliuawa chini ya Amin. Hata hivyo, mwaka 1975 wakuu wa Afrika walikutana Kampala, naye akawa mwenyekiti wao. Tanzania ilisusia mkutano huo.

Pamoja na hayo, Tanzania haikusema rasmi kwamba imekwenda kuwaokoa Waganda. Ilisema inajihami. Naamini uchaguzi huo ulikuwa wa busara: kila nchi ikiruhusiwa kumwondoa jirani inayemwona mwovu, watakaofaidi kwanza ni wenye majeshi makubwa. Lakini kujihami kulitosha kueleza kuikomboa Kagera, si kufika Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Pengo hilo ndilo lililowapa Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria nafasi ya kuilaumu Tanzania katika mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Monrovia, Julai mwaka huo.

Uwezo

Uwezo si wa jeshi tu, ni wa marafiki pia. Miezi hiyohiyo ya Vita ya Kagera, Vietnam iliivamia Kambodia na kuuangusha utawala wa Pol Pot, ambao chini yake walikufa watu zaidi ya milioni moja na nusu. Matendo haya mawili yanafanana: nchi iliyochokozwa mpakani inamng'oa jirani muuaji. Lakini Vietnam ilishambuliwa na China Februari 1979, na mwezi Septemba Umoja wa Mataifa ukaamua kuwaachia watu wa Pol Pot kiti cha Kambodia. Serikali mpya ya Uganda, kwa upande wake, ilitambuliwa haraka, hata na Uingereza.

Ni kweli kwamba Vietnam ilibaki Kambodia miaka kumi. Lakini uamuzi wa Septemba haukusubiri hiyo miaka kumi. Vietnam ilikuwa rafiki wa Umoja wa Kisovieti, na hivyo adui wa China na Marekani; Amin alibakiwa hasa na Libya. Damu ya Mkambodia ilipimwa kwa mizani ya urafiki wa wakubwa, na hiyo ni dhuluma inayopaswa kutajwa kwa jina lake.

Nia

Nia ndilo sharti gumu kuliko yote, kwa sababu hupimwa baada ya ushindi. Machi 1979 makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi, na Yusuf Lule akawa kiongozi wao. Kampala ilipoanguka akawa rais, lakini hakumaliza miezi mitatu madarakani. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980, na Desemba Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, akarudi kwa uchaguzi uliopingwa vikali. Mwaka 1981 vita vya msituni vilianza. Wakati huo wote askari wa Tanzania walikuwa bado nchini, na Waganda wengi walihisi mambo yao yanaamuliwa Dar es Salaam. Kumwondoa dhalimu hakumpi mkombozi haki ya kuwachagulia watu mrithi wake.

Afrika ilijifunza kitu. Mkataba ulioanzisha Umoja wa Afrika, uliopitishwa Lomé mwaka 2000, uliupa Umoja wenyewe, si nchi jirani, haki ya kuingilia kati penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Desemba 2015 Baraza lake la Amani na Usalama liliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi kuwalinda raia. Serikali ya Burundi ilikataa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakarudi nyuma. Safari hii sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni nia.

Basi tusikubali kuchagua kati ya maadili na nguvu. Sababu bila uwezo humwacha mnyonge na malalamiko tu. Uwezo bila sababu ni unyang'anyi. Na nia ya anayekuja kuokoa isiamuliwe na yeye mwenyewe wala na marafiki zake wakubwa. Waulizwe wale aliosema amekuja kuwaokoa, nao wawe na uhuru wa kujibu hapana.