Kabla ya Kuchagua Meli, Tafuta Chelezo

Waheshimiwa wakienda kupokea meli mpya ya doria huitazama kuanzia juu: mlingoti, rada, mzinga wa omo, bendera. Mimi nilikuwa mkaguzi wa vyombo, nikazoea kuzitazama meli kutoka chini, nimevaa buti za mpira ndani ya chelezo, nyundo mkononi, na mfukoni kifaa cha kupimia unene wa bamba kwa mawimbi ya sauti. Huko chini fahari hakuna. Kuna mwani, kutu, vipande vya zinki vilivyolika, na shafti inayovuja mafuta pale inapotokea kwenye bodi. Ndiyo maana vijana wa barazani kwetu Likoni wakiniuliza, "Ami, serikali inunue meli gani ya doria?" nami huwauliza: ikichoka, itapandishwa wapi?

Wao hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Meli hununuliwa siku moja, lakini hutunzwa miaka thelathini, na matunzo hayo ndiyo yatakayoamua kama itakuwa baharini au itakuwa pambo la gatini.

Tuanze na kazi yenyewe. Doria si vita. Kenya peke yake ina eneo la kiuchumi baharini la kilomita za mraba zipatazo 142,000, linalofika maili 200 kutoka pwani. Humo mna meli za kigeni zinazovua bila leseni, majahazi yanayobeba dawa za kulevya, na wavuvi wetu ambao injini imewafia wakati wa Kusi. Kazi hiyo haitaki chombo cha kupaa juu ya maji. Inataka chombo kinachoweza kukaa nje wiki tatu bila kurudi kuomba mafuta.

Wanunuzi wengi huteleza hapo, kwa sababu kasi inauzika. Lakini maji hayadanganyiki: ukitaka meli iende kasi mara mbili, injini yake itahitaji nguvu kama mara nane. Meli inayotambaa maili 12 kwa saa hunywa mafuta kidogo. Ikifukuza kwa maili 25 kila siku, bajeti itaisha kabla ya mwaka. Kwa hiyo meli nzuri ya doria yenyewe hutembea pole, na ikibidi kukimbizana hushusha boti ndogo za mwendo mkali au huita helikopta. Mzinga wa milimita 30 unatosha kumshawishi nahodha wa meli ya uvuvi asimame. Urefu, hata hivyo, si anasa. Meli fupi kwenye mawimbi ya Kusi hurusharusha watu mpaka hakuna anayeweza kushusha boti wala kula, na doria imekwisha hapo. Ndiyo sababu mataifa mengi yameishia kwenye meli za mita 80 hadi 90.

Mfano ninaopenda kuwapa vijana wangu ni ramani moja ya meli ya mita 90, iliyochorwa Uingereza, ambayo imepitia mikono ya nchi nne. Chuma ni kilekile, ila kila nchi iliinunua kwa akili yake.

Wa kwanza walikuwa Trinidad na Tobago. Mwaka 2007 waliagiza meli tatu kulinda bahari yao, ambayo ni njia kuu ya dawa za kulevya kutoka Amerika ya Kusini. Kazi ikachelewa. Mei 2010 wakachagua serikali mpya, na Septemba mwaka huohuo serikali hiyo ikafuta mkataba wakati meli zenyewe zimekwisha kushushwa majini.

Mjenzi akabaki na meli tatu zisizo na mwenyewe. Januari 2012 Brazil ikazichukua zote kwa pauni milioni 133, pamoja na huduma za ufundi na leseni ya kujenga nyingine za aina hiyo kwao. Leo zinaitwa Amazonas, Apa na Araguari. Brazil ilifanya jambo ambalo sisi wanunuzi wadogo tunaweza kulifanya: ilisubiri sokoni, ikanunua meli iliyokwisha jengwa, na haikusahau kudai ramani.

Thailand haikununua meli hata moja. Ilinunua mchoro na wataalamu wa kuwaelekeza, kisha mafundi wake wakaijenga wenyewe huko Sattahip, kwenye karakana ya jeshi lao la majini. Meli ya kwanza, Krabi, iliingia kazini mwaka 2013. Ya pili waliishusha mwaka 2019, na safari hii waliipa makombora ya kupigia meli ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Fundi aliyeijenga meli kwa mikono yake anajua kila bomba linapita wapi. Anaweza kuifungua na kuibadilisha bila kumpigia simu mtu wa Ulaya.

Mnunuzi wa nne ni Uingereza yenyewe, na kisa chake ndicho cha ajabu kuliko vyote. Mwaka 2009 serikali ilikuwa imefunga mkataba na kampuni ya BAE Systems wa kuhakikisha karakana haikosi kazi. Kazi ikipungua, serikali hulipa hata kama hakuna kinachojengwa. Kufikia 2013 kazi ya meli kubwa za kubebea ndege ilikuwa inaelekea kwisha, na manowari mpya za kundi linalofuata hazikuwa tayari kuanzwa. Waziri wa ulinzi akaona heri alipie meli kuliko kulipia watu wakae bure. Wakaagiza meli tatu za doria, mkataba wa pauni milioni 348, kisha mbili zaidi: Forth, Medway, Trent, Tamar na Spey, zote zikajengwa kwenye mto Clyde, Scotland.

Linganisha na pauni milioni 133 za Brazil. Ni kweli Brazil ilipata meli za bei ya kutupwa, na zile za Uingereza ziliongezewa mengi. Hata hivyo sehemu kubwa ya tofauti ililipia watu. Mchomeleaji anayeweza kuunga bamba la chini ya maji, mshono ukapigwa eksirei na usionekane na kasoro, huchukua miaka kumfikisha hapo. Mwache miaka miwili bila kazi, ataenda kuchomelea mageti, na hatarudi. Waingereza walijua hilo, wakalipa.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Meli ya kwanza, Forth, ilipokelewa kwa sherehe Aprili 2018, na muda si mrefu ikarudishwa kwa mjenzi. Kulikuwa na kasoro za umeme, na kulikuwa na bolti ambazo vichwa vyake vilikatika, mtu akavirudishia kwa gundi. Kwa gundi! Mimi niliposoma habari ile sikucheka. Karakana yenye umri wa zaidi ya karne bado inahitaji mtu mwenye tochi na nyundo, asiyelipwa na mjenzi, wa kugonga kila bolti kabla ya saini. Nchi inayonunua meli bila kutuma wakaguzi wake wakae karakanani tangu bamba la kwanza linapokatwa imenunua picha.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Ukitaka meli moja iwe baharini siku zote, nunua tatu: moja iko doria, ya pili inajiandaa au inarudi, ya tatu iko kwenye chelezo. Ni ada, kwa sababu hata vyama vya ukaguzi wa meli za biashara hutaka chini ya chombo kikaguliwe mara mbili kila miaka mitano. Rangi ya kuzuia viumbe wa baharini huisha, zinki hubadilishwa, vali za maji ya bahari hufunguliwa, rafadha husuguliwa. Katika maji ya uvuguvugu kama yetu mwani haulali.

Uingereza iliwahi kuikata hesabu hiyo kwa njia ya busara. Mwaka 2003 ilipata meli tatu za doria, Tyne, Severn na Mersey, kwa kuzikodi kwa mjenzi badala ya kuzinunua, na mjenzi ndiye aliyebeba mzigo wa matengenezo. Meli hizo tatu zikachukua nafasi ya tano za zamani. Mabaharia walipokezana zamu, theluthi wakiwa nchi kavu, chombo chenyewe kikirudi kazini. Mjenzi anapojua kwamba kila siku ya ubovu inatoka mfukoni mwake, hujenga kwa kufikiria atakayekuja kufungua.

Sasa turudi nyumbani. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa Desemba 1964, na meli zake za awali, Simba, Chui na Ndovu, zilitoka Vosper ya Portsmouth. Nyayo na Umoja nazo zilijengwa hukohuko miaka ya themanini. Zilipohitaji ukarabati mkubwa zilipelekwa Italia. Shujaa, Shupavu na Jasiri zilitoka Hispania. Jasiri, yenye urefu wa mita 85, ina kisa kinachojulikana: mkataba ulitiwa saini 2003 kwa shilingi bilioni 4.1, malipo yakasimama wakati wa sakata ya ufisadi ya Anglo Leasing, na meli haikufika Mombasa hadi Agosti 2012. Wengi huhesabu fedha tu. Mimi huhesabu pia miaka, kwa sababu meli iliyofungwa gatini huzeeka: mipira hukauka, vipuri hutoka sokoni.

Na Portsmouth iliyotujengea? Siku ileile ya Novemba 2013 ilipotangazwa kwamba meli mpya za doria zitajengwa Clyde, ilitangazwa pia kwamba ujenzi wa meli Portsmouth utakoma, baada ya zaidi ya miaka mia tano. Aliyekuuzia jana huenda kesho asiwepo kukupa kipuri.

Kwa hiyo nilipoona Kampuni ya Kenya Shipyards inaundwa mwaka 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi, na Mtongwe, hapa Mombasa, inapata chelezo cha kupandisha meli za hadi tani 4,000, nilisema hiyo ndiyo meli ya kwanza ya doria tuliyonunua kwa akili. Kisumu nao wameunganisha MV Uhuru II, meli ya mizigo ya mita 100, kwa ubia na Damen ya Uholanzi. Mtu atasema sehemu nyingi zilikuja zimekatwa. Ndiyo, na kuunganisha ni shule.

Shule hiyo, hata hivyo, haitaishi kwa meli moja ya kivita kila miaka kumi. Inahitaji kazi za kila mwezi. Feri zetu za kivuko, MV Likoni na MV Kwale, zilitoka Ujerumani 2010, na MV Jambo ikatoka Uturuki 2017. MV Doria ya walinzi wa pwani ilijengwa Chittagong, Bangladesh. Bangladesh hiyo hiyo mwaka 1999 ililikabidhi jeshi lake la majini karakana ya Khulna iliyokuwa inakula hasara. Hawakuanza na manowari. Walianza na vilivyowezekana, wakaomba msaada wa Wachina, na kufikia 2013 meli za doria za mita 50 walizojijengea zilikuwa kazini.

Basi vijana, siku muuzaji atakapokuja na picha zake za kung'aa, mwulizeni mambo manne. Je, chombo chako kinaingia kwenye chelezo cha Mtongwe? Je, injini yake inajulikana na mafundi wa Mombasa, au vipuri vitasubiri ndege? Je, mchoro tunaupata? Je, mkaguzi wetu ataingia karakanani kwako siku anayotaka yeye? Akijibu ndiyo mara nne, mruhusuni aanze kusifia mzinga. Akianza na mzinga, mpeni chai, mshukuruni, mwageni.