Kabla ya Kushika Koleo, Mwulize Mgonjwa

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na vijana wetu wanaosomea tiba ya meno. Lakini ninyi wengine msiufunge ukurasa huu. Yale ambayo tabibu wa meno anapaswa kuuliza, mgonjwa naye anapaswa kuyafahamu ili aweze kuyajibu.

Wanafunzi wa meno huuliza: kwa nini tunafundishwa habari za moyo, kisukari na presha, wakati kazi yetu ni kinywa? Jibu ni fupi. Jino haliji peke yake kwenye kiti cha tabibu. Huletwa na mtu mwenye moyo, damu na magonjwa yake.

Fikiri umepangiwa kazi katika kisiwa kama Bumbire, huko wilayani Muleba. Wagonjwa wako ni wavuvi wa sangara na dagaa, pamoja na wake zao na watoto wao. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya ziwa. Upepo ukichafuka, hakuna chombo kinachoondoka. Damu isiyokatika usiku kisiwani si sawa na damu isiyokatika mjini Bukoba. Hatari ukiijua kabla ya kung'oa, unaweza kuahirisha. Ukiijua baadaye, unahitaji mtumbwi, mafuta na ziwa lililotulia.

Maswali ya lazima

Kabla ya kuchoma ganzi, mwulize kila mgonjwa maswali haya, bila haraka:

1. Je, una ugonjwa wowote unaotibiwa? Unatumia dawa gani?
2. Uliwahi kung'olewa jino au kupasuliwa? Damu ilikatika vizuri?
3. Kuna dawa iliyowahi kukudhuru, kwa mfano penisilini?
4. Uliwahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo?
5. Leo umekula? Una homa?
6. Kwa akina mama: je, una mimba?

Kila swali lina sababu yake. Mwenye valvu za moyo zilizoharibika anaweza kupata madhara makubwa, kwani jino linapong'olewa vijidudu vya kinywani huingia katika damu na kwenda kukaa moyoni. Mwulize daktari kwanza kama mgonjwa huyo anahitaji antibiotiki kabla ya kung'olewa. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande usimwamuru aziache. Huenda ndizo zinazomkinga na kiharusi. Hapo pia shauriana na daktari wake.

Presha, kisukari na kuzimia

Jifunze kupima presha mpaka uzoee. Presha ya 140/90 na kuendelea ni ya juu. Ikifika 180/110, usimng'oe. Mpumzishe, kwa sababu maumivu na woga huipandisha, kisha pima tena. Ikibaki hapo, mtulize maumivu na umpeleke kwa daktari.

Mwenye kisukari kisichotulizwa hupona kidonda polepole na fizi zake huugua kwa urahisi. Lakini hatari ya ghafla ni sukari kushuka. Mgonjwa aliyetumia dawa yake asubuhi na kuacha kula kwa sababu ya jino anaweza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari mara moja. Aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni.

Wengi huzimia kwa woga tu. Mlaze chali, mwinulie miguu, mlegezee nguo. Kwa kawaida huamka baada ya muda mfupi. Asipoamka, ujue tatizo si woga.

Mambo ambayo kinywa hukuonyesha

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu Kagera. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana. Dalili zake nyingi huonekana kinywani: utando mweupe wa fangasi, vidonda visivyopona, au mabaka ya zambarau kwenye kaakaa. Ukiyaona, zungumza na mgonjwa faraghani na umshauri apime. Siku hizi mwenye virusi anayetumia dawa vizuri huishi miaka mingi. Usimkatae na usimnyanyapae. Vaa glovu na takasa vyombo kama inavyotakiwa kwa kila mgonjwa, maana huwezi kumjua mwenye virusi kwa kumtazama usoni.

Kuna pia mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Ni saratani, na hutokea zaidi sehemu zenye malaria nyingi kama zetu. Hukua haraka sana, lakini husikia dawa vizuri ikiwahiwa. Ukimng'oa mtoto huyo meno na kumrudisha nyumbani, umempotezea siku ambazo hana. Mpeleke hospitali ili apate rufaa, kwa mfano Bugando, Mwanza.

Wazazi nao watusikilize. Mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha hana "meno ya plastiki." Kinachokatwa kwenye fizi zake ni meno yake halisi ambayo hayajaota. Akikatwa hutoka damu, huingiwa na vijidudu, na malaria au kuharisha kwake hubaki bila tiba. Mpeni maji ya chumvichumvi na mumwahishe zahanati.

Yasiyongoja asubuhi

Uvimbe wa jino ukishuka chini ya ulimi na pande zote mbili za shingo, mgonjwa akashindwa kumeza na sauti ikabadilika, njia ya hewa inaweza kuziba. Mwanzishie antibiotiki na umsafirishe akiwa ameketi. Usimlaze.

Na fizi zinazotoka damu pamoja na homa kali si kazi ya koleo. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Bukoba. Walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 wakafariki, akiwemo mtumishi wa afya. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, visiwa hivi hivi vya Muleba. Mwenye dalili hizo mtenge, usimguse bila kinga, na utoe taarifa upesi.

Ndugu mwanafunzi, kumwambia mgonjwa "leo sikung'oi, kwanza nenda kwa daktari" si kushindwa kazi. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Nawe mgonjwa, unapokwenda kwa tabibu wa meno chukua kadi yako ya kliniki na vidonge vyako vyote, na usimfiche neno. Aulizaye mengi kabla ya kukugusa anakutakia mema.