JE, WAJUA? Akiba Haiozi, Lakini Hukatwa

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema haikatwi. Soma habari za nchi ambazo, hali ya fedha ilipobana, zilitupia macho akaunti za benki za raia wake.

Je, wajua kwamba Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2013, watu wa kisiwa cha Kupro waliamka wakakuta akiba zao zimeshapigiwa hesabu? Usiku wa kuamkia siku hiyo mawaziri wa fedha wa nchi zinazotumia euro walikuwa Brussels wakijadili namna ya kukiokoa kisiwa. Walikubaliana Kupro ipewe mkopo wa euro bilioni 10, nayo itafute bilioni 5.8 kwa kukata amana za watu. Mwenye hadi euro 100,000 akatwe asilimia 6.75, na mwenye zaidi ya hapo asilimia 9.9. Aliyejiwekea euro 50,000 za uzeeni angeaga 3,375.

Je, wajua kwamba shimo la fedha lililoiangusha Kupro halikuchimbwa na wenye amana? Benki za Kupro zilikuwa zimenunua hatifungani nyingi za serikali ya Ugiriki. Mwaka 2012 Ugiriki ilipopunguziwa deni, benki hizo zilipata hasara ya zaidi ya euro bilioni 4. Mali za sekta ya benki zilikuwa takriban mara saba ya pato la taifa, kwa hiyo serikali haikuwa na ubavu wa kuziinua.

Je, wajua kwa nini habari za namna hii hutangazwa usiku au mwisho wa wiki? Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini tozo ya amana huja bila mbiu. Ikitangazwa mapema, kila mtu atatoa chake, na siku ya kukata ikifika akaunti ni tupu. Kupro ilikuwa na bahati ya kalenda: Jumatatu ya tarehe 18 ilikuwa sikukuu ya kuanza Kwaresima ya Waorthodoksi, na benki zingefungwa hata hivyo. Hazikufunguliwa hadi tarehe 28.

Je, wajua kwamba Uingereza, yenye kambi za jeshi kisiwani humo, ilipeleka ndege ya kijeshi ikiwa na euro milioni 1 taslimu? Zilikuwa akiba ya dharura kwa askari wake na familia zao, endapo mashine za ATM zingekauka.

Je, wajua kwamba bunge la Kupro lilipopiga kura tarehe 19 Machi, hakuna hata mbunge mmoja aliyeunga mkono tozo hiyo? Wabunge 36 waliikataa na 19 hawakuelemea upande wowote. Hao 19 walikuwa wa chama cha Rais Nicos Anastasiades mwenyewe, aliyekuwa hajatimiza hata mwezi mmoja madarakani.

Je, wajua, basi, kwamba tozo ya amana iliyovuma kuliko zote haikukusanya hata senti moja? Kilichokuja badala yake kiliwaumiza zaidi wenye fedha nyingi. Kwa makubaliano mapya ya tarehe 25 Machi, amana zisizozidi euro 100,000 ziliachwa salama. Benki ya Laiki, iliyokuwapo tangu mwaka 1901, ilivunjwa, na waliokuwa na zaidi ya kiwango hicho humo wakapoteza karibu yote yaliyozidi. Katika Bank of Cyprus, asilimia 47.5 ya kilichozidi iligeuzwa hisa. Mteja aliyeingia kuweka fedha alitoka akiwa mmiliki wa benki mgonjwa.

Je, wajua kwamba benki zilipofunguliwa, mtu aliruhusiwa kutoa euro 300 tu kwa siku, na msafiri alizuiwa kutoka nchini na zaidi ya euro 1,000 taslimu? Masharti yalilegezwa kidogo kidogo, na ya mwisho yaliondolewa Aprili 2015.

Je, wajua kwamba Italia haikujadili, ilikata? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Julai 1992, serikali ya Giuliano Amato iliamua kuchukua lira 6 katika kila lira 1,000 zilizokuwa benki. Aliyelala na milioni 10 aliamka na pungufu ya 60,000. Lengo lilikuwa kuziba pengo la bajeti wakati lira inayumba. Septemba mwaka huohuo lira ililazimika kujitoa katika mfumo wa Ulaya wa viwango vya kubadilisha fedha.

Je, wajua kwamba Brazil ilifunga akaunti tarehe hiyohiyo ya 16 Machi, ila mwaka 1990? Rais Fernando Collor alikuwa ameapishwa jana yake, na bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 80 kwa mwezi. Kila kilichozidi cruzado mpya 50,000 katika akaunti kilizuiwa kwa miezi 18, kisha kikarudishwa kwa mafungu.

Je, wajua kwamba Waargentina wana jina la utani kwa jambo hili? Desemba 2001 serikali iliweka kikomo cha kutoa peso 250 kwa wiki, wananchi wakakiita *corralito*, yaani kizizi. Maandamano yaliwaka, na tarehe 20 mwezi huo Rais Fernando de la Rúa alijiuzulu akaondoka ikulu kwa helikopta.

Je, wajua kwamba hata senti mbili huweza kuitikisa benki? Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu, Marekani iliweka kodi ya senti 2 kwa kila hundi. Watu wengi waliona heri kushika taslimu, wakatoa fedha benki wakati benki zilikuwa zikizihitaji kuliko wakati wowote.

Je, wajua tofauti ya tozo ya Kupro na ile ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021? Ya Tanzania ilikata fedha inayotembea, pale unapoituma au kuitoa. Ya Kupro ilitaka kukata fedha iliyolala.

Je, wajua kwamba neno amana linaweza kutudanganya? Kwa mila, amana ni kitu ulichomkabidhi mtu akutunzie, akurudishie kilekile. Kwa sheria za benki, fedha uliyoweka ni mkopo ulioipa benki, na wewe ni mdai wake. Ndiyo maana benki ikianguka unapanga foleni pamoja na wadai wengine.

Je, wajua, mwisho kabisa, kinga yako ni kiasi gani? Bima ya amana hulipa hadi shilingi milioni 7.5 Tanzania, 500,000 Kenya na milioni 10 Uganda, kwa kila mteja katika kila benki. Kama akiba yako imevuka hapo, usiiweke yote katika benki moja.