Łeba: Mji Uliokimbia Mchanga

Mkitaka kujua kama mnapendana kweli, tembeeni kilomita tano na nusu msituni, mmoja wenu akiwa amevaa ndala. Sisi tulijaribu. Hadi kilomita ya tatu nilikuwa siongeleshwi.

Nilikuwa Gdańsk kikazi, kaskazini mwa Polandi, mume wangu akanifuata ili tupate walau wikiendi yetu wawili bila simu za ofisini. Tukapanda treni hadi Lębork, kisha basi, kama kilomita 30 hivi kuelekea kaskazini, mpaka ardhi inapoishia kwenye Bahari ya Baltiki. Hapo ndipo Łeba (wenyewe hutamka "Weba"), mji wa bandari wenye wakazi wasiofika 4,000. Boti za wavuvi, mashua za matanga za wenye nazo, mto unaokatiza mji kwenda baharini, na harufu ya samaki wa moshi kila kona.

Aliyekulia pwani ya kwetu atachanganyikiwa kidogo, kwa sababu bahari hii haitoki. Hakuna kupwa wala kujaa kwa kuonekana; asubuhi maji yapo palepale ulipoyaacha jioni. Na ukiyaonja utashangaa, chumvi yake ni kama moja ya tano tu ya bahari tuliyoizoea. Ufukwe ni mpana, mchanga mweupe, lakini maji ni baridi hata Julai. Mume wangu aliingia mara moja. Mimi nilishika taulo.

Jangwa kando ya bahari

Kinachowaleta watu Łeba ni matuta ya mchanga yanayotembea. Ndiyo, yanatembea! Upepo wa baharini huyasukuma mita kadhaa kila mwaka, pengine hadi kumi, na chochote kilicho mbele kinafunikwa. Yapo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Słowiński, iliyoanzishwa mwaka 1967 na kuingizwa na UNESCO kwenye orodha ya hifadhi za viumbe na mazingira mwaka 1977.

Unaanzia Rąbka, kama kilomita mbili kutoka mjini, halafu njia inapita kati ya ziwa Łebsko na bahari, chini ya misonobari. Kuna baiskeli za kukodi na vigari vya umeme vinavyokusogeza sehemu ya safari. Mimi, kwa ubishi wangu, nikasema tutembee. Ndala zilikuwa za mwenzangu, wazo lilikuwa langu, kwa hiyo mjue nani alilaumiwa.

Katikati ya njia kuna makumbusho mahali ambapo Wajerumani walijaribia roketi zao wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baadaye Wapolandi nao wakarusha za kwao za utafiti wa hali ya hewa. Ukipenda mambo ya vita, simama. Sisi tulisimama kwa ajili ya malengelenge.

Kisha msitu unakatika ghafla na mbele yako ni ukuta wa mchanga. Hili ndilo tuta la Łącka. Pembeni yake utaona misonobari iliyozikwa nusu, vilele tu vikichungulia, na kule mchanga ulikokwishapita yamebaki magogo makavu yamesimama kama mifupa. Tulivua viatu tukapanda. Juu, mkono mmoja una bahari, mwingine una ziwa, katikati mchanga mtupu. Hapo ndipo bwana mkubwa alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Rąbka: "Haya, umeshinda."

Sasa sikiliza hili. Łeba ya leo si Łeba ya kwanza. Mji wa zamani ulikuwa upande wa pili wa mto, magharibi. Mwaka 1558 dhoruba kubwa iliupiga, mchanga nao ukazidi kuula, na katika karne hiyohiyo watu wakaamua kuuacha na kujenga upya hapa ulipo sasa. Kilichobaki ni kipande cha ukuta wa kanisa la Mtakatifu Nikolasi, kimesimama peke yake msituni karibu na ufukwe. Watalii wengi hawafiki. Nendeni jioni, ni matembezi mafupi. Nilipouona ukuta ule niliwafikiria wale waliokuwa wa mwisho kufunga milango yao.

Watu wa Kluki

Hifadhi imechukua jina la Waslowinsi, wavuvi na wakulima waliokuwa na lugha yao. Lugha ilikufa. Walikuwa Walutheri walioishi chini ya Ujerumani, na baada ya 1945 eneo lilipokuwa la Polandi, wengi walihamia Ujerumani. Kijiji chao cha Kluki, ng'ambo ya ziwa, ni makumbusho tangu 1963: nyumba za fremu za mbao zilizojazwa udongo, paa za matete, nyavu ukutani. Ujenzi wenyewe hauko mbali sana na wa kwetu wa fito na udongo. Kwa gari ni mzunguko mrefu, ila msipokwenda mtakuwa mmeona mchanga tu.

Kabla hamjafunga begi

Kuleni samaki bapa wa kukaanga bandarini, au wa moshi. Dorsz ndiye maarufu, lakini tangu 2019 kumlenga dorsz wa Baltiki ya mashariki kwa uvuvi kumepigwa marufuku kwa sababu amepungua mno, hivyo uliye naye sahanini huenda katoka mbali. Ulizeni. Baada ya dhoruba, wenyeji huinamia ufukweni kutafuta kaharabu. Nasi tuliinama saa nzima tukaokota vipande vya chupa.

Julai na Agosti mji hufurika na bei hupanda. Juni ni bora, jua linazama baada ya saa tatu usiku. Viza ni ya Schengen, fedha ni zloti, na hifadhi hutoza kiingilio msimu wa watalii. Na viatu, jamani. Vya kufunga kamba.