Aplikesheni za Mikopo: Kilichojificha Ndani ya Dart (2)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye orodha ya Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu kidijitali bila leseni. Hapa mtaani kwetu Mabawa tangazo lile halikuhitaji mfafanuzi. Mkopaji akichelewesha marejesho siku mbili, shemeji yake aliyeko Muheza na mwalimu wa mwanawe wanatumiwa ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Namba zao zilipatikanaje? Jibu limo ndani ya aplikesheni yenyewe, na kulitoa humo ni kazi nzito.

Kila aplikesheni ya Android hubeba faili linalotaja ruhusa inazoomba. Ikiwa inataka kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu yako, imeandikwa humo, haifichiki. Google nayo ilizikataza aplikesheni za mikopo zilizo Play Store kugusa majina na picha za mtumiaji tangu 31 Mei 2023, lakini faili la APK, yaani kifurushi cha aplikesheni, linalotumwa kwa WhatsApp halipiti mlango huo. Tena ruhusa peke yake haithibitishi kitu. Haisemi kama ulisomewa majina ili uchague mdhamini mmoja, au yalizolewa yote yakapelekwa kwenye seva. Mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hiyo ndiyo kesi yenyewe. Wenzetu wa Kenya wameshafika huko: Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye aplikesheni za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya.

Chombo cha kazi hii ni dekompaila, programu inayofumua msimbo wa mashine na kuurudisha karibu na ulivyoandikwa. Fundi cherehani akifumua gauni anapata vipande vya kitambaa, lakini alama za chaki zimeshafutika. Kwa aplikesheni za Java na Kotlin, dekompaila ya jadx hufumua vizuri sana, na mara nyingi utasoma hadi anwani ya seva inayopokea majina.

Shida huanza aplikesheni inapokuwa imetengenezwa kwa Flutter, mfumo wa Google uliotoa toleo lake la kwanza thabiti Desemba 2018. Hapo jadx inakuonyesha ganda tu. Kazi yote imo katika faili liitwalo libapp.so, nalo ni msimbo wa mashine uliotokana na lugha ya Dart. Lipeleke kwenye Ghidra, dekompaila ambayo NSA, shirika la ujasusi la Marekani, iliitoa bure mwaka 2019, na utajaziwa kurasa ambazo hata mjuzi hapati pa kushika.

Ghidra si mbovu. Imezoea desturi za C, na Dart ina zake. Rejista ni kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya prosesa, na staki ni rundo ambamo fanksheni huachiana vitu. Kwenye prosesa za simu za ARM64, Dart haitumii rejista ya kawaida ya staki; imeiteua x15 kwa kazi hiyo. Dekompaila isiyojua hilo huiona x15 kama rejista yoyote, na vile ambavyo fanksheni moja imeipa nyingine vinapotea. Maandishi nayo hayaitwi moja kwa moja. Yamewekwa kwenye hazina moja ambayo anwani yake hushikwa na x27, hivyo mahali ulipotegemea kusoma anwani ya seva unakuta "x27 jumlisha 0x4b8", basi. Hata namba zinapotosha: namba nzima ndogo, ikihifadhiwa kwa desturi ya Dart, huzidishwa kwa mbili. Mkopo wa siku 7 utauona 14. Mchunguzi asiyejua atakwenda kusema uongo mahakamani bila kukusudia.

Kuifundisha dekompaila mambo hayo kunawezekana. Zana ya mwanzo iitwayo Doldrums ilifungwa na matoleo machache ya Dart, kwa kuwa mpangilio wa ndani wa faili hubadilika toleo hadi toleo. Mwaka 2023 mtafiti Worawit Wangwarunyoo alileta Blutter, na njia yake naiona ya busara kuliko zote: inatambua toleo la Dart lililotumika, inajenga injini ya Dart ya toleo hilohilo, kisha inaiachia injini isome hazina yake yenyewe. Ile 0x4b8 inageuka maandishi yanayosomeka. Kilichobaki ni kikubwa, maana Blutter hutoa msimbo wa mashine wenye maelezo pembeni, haujawa Dart inayosomeka na hakimu. Na mwandishi akiamua kuficha majina ya fanksheni, hayo hayarudi.

Vijana wetu wanaosoma kompyuta vyuoni wana mradi wa mwaka wa mwisho hapo, na zana zote nilizotaja msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Tume nayo iwe na wataalamu wanaoweza kulisoma libapp.so, isitegemee picha za skrini pekee.

Nawe msomaji uliyedhalilishwa, usiifute aplikesheni kwa hasira. Nakili kwanza faili lake la APK, piga picha ujumbe waliotumiwa ndugu zako pamoja na tarehe, ndipo uende kulalamika.

Itaendelea wiki ijayo.