Breki za Nyuma za Pikapu: Kazi ya Nyumbani Inayotaka Utaratibu

Kaikor iko kaskazini ya Turkana, katika nchi ambayo mvua zake ni chache na mchanga wake ni mwingi. Kutoka hapo hata Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ni zaidi ya kilomita 150, na hata Kakuma ni zaidi ya kilomita 100. Katika nchi ya namna hiyo pikapu si chombo cha anasa. Hupeleka mbuzi sokoni, huleta unga na sukari dukani, na usiku ambapo mama ameshikwa na uchungu wa uzazi, pikapu ndiyo inayotafutwa. Basi breki zake si jambo la mwenye gari peke yake, bali ni jambo la kila mtu anayepanda.

Mtu wa mjini, breki zake zikianza kulia, hulipeleka gari gereji ya jirani. Mtu wa Kaikor hawezi, maana kwenda gereji kwake ni kuliendesha gari bovu mwendo wa kutwa nzima. Kwa sababu hiyo wengi huagiza vipuri Lodwar au Kitale na kuifanya kazi wenyewe nyumbani. Kazi hiyo yawezekana. Lakini umbali ule ule unaomlazimu mtu kuifanya nyumbani ndio unaomkataza kuifanya ovyo, kwa kuwa springi moja ikipotea mchangani haina duka la kuinunua, na kosa moja litajulikana njiani, mbali na msaada.

Kwanza yafaa kufahamu jinsi breki hizi zinavyofanya kazi. Pikapu nyingi, kama vile Toyota Hilux, zina breki za diski mbele na breki za dramu nyuma. Dramu ni chuma cha mviringo mfano wa sufuria, nacho huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo, viitwavyo viatu vya breki, na juu ya kila kiatu pamegandishwa lainingi, yaani gamba gumu la kusugua. Dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni za silinda ndogo, nazo pistoni husukuma viatu nje mpaka vikaishika dramu. Mguu ukiondolewa, springi huvirudisha viatu mahali pake.

Gari lisimamapo, uzito huelekea mbele, kwa hiyo breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Lakini pikapu iliyojaa magunia na watu nyuma huyategemea sana magurudumu ya nyuma. Tena kaskazini kuna adui wa pekee. Gari livukapo mikondo mikavu ya mito, ambayo wengi huiita laga, mchanga laini huingia ndani ya dramu na kukaa humo ukisaga lainingi kama jiwe la kusagia.

Siku ya kazi, gari lisimamishwe mahali tambarare penye ardhi ngumu. Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau: breki ya mkono ya magari mengi ya aina hii huvuta viatu vile vile vya nyuma. Dramu haitatoka breki hiyo ikiwa imevutwa, kwa hiyo hapana budi kuilegeza, na gari lishikwe kwa mawe makubwa au magogo yaliyowekwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nati zilegezwe kidogo kabla ya kuinua gari. Chini ya jeki uwekwe ubao mpana ili isizame mchangani, na gari likiisha kuinuliwa likalishwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana yasiyoweza kubingirika. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Gurudumu likiisha kutolewa, dramu mara nyingi hukataa kutoka kwa sababu ya kutu. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye hesi; bolti mbili zikikazwa humo kwa zamu, huisukuma dramu ije nje polepole. Ikiwa bado inakataa, huenda viatu vimeshika ukingo uliolika ndani, na skrubu ya kurekebishia yapaswa kulegezwa kupitia tundu lililo nyuma. Kuipiga dramu kwa nyundo kubwa kwaweza kuipasua.

Vumbi linaloonekana ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nayo huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, wala hakuna awezaye kuitambua kwa macho. Vumbi lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Watoto wanaopenda kutazama wawekwe mbali.

Sasa yaja kanuni iliyo kubwa kuliko zote: upande mmoja ufunguliwe kwanza, na ule wa pili uachwe mzima mpaka wa kwanza umalizike. Ndani ya dramu mna springi kadhaa, na fundi wa nyumbani akisahau mahali pa moja, upande wa pili ndio kitabu chake, ingawa akumbuke kuwa mambo yote yako kinyume kama katika kioo. Mwenye simu apige picha kabla ya kugusa kitu. Vitu vinavyotolewa vipangwe kwa utaratibu juu ya turubai safi, wala visiwekwe ardhini. Skrubu za kurekebishia za kushoto na za kulia zisichanganywe, maana hesi zake zaelekea pande mbalimbali.

Kabla ya kutia viatu vipya, mambo matatu yachunguzwe. La kwanza ni silinda ndogo: mpira wake uinuliwe kidogo, na ikiwa ndani kuna majimaji, silinda inavuja, nayo itengenezwe au ibadilishwe. La pili ni mafuta ya ekseli: yakiwa yamefika kwenye viatu, lazima mpira unaoyazuia ubadilishwe, kwani viatu vipya navyo vitalowa. La tatu ni dramu yenyewe. Kipimo cha mwisho cha upana wake wa ndani kimeandikwa juu ya chuma chake. Ikiwa imepita kipimo hicho au ina ufa, haifai tena. Wakati huu wote mtu yeyote asikanyage breki, la sivyo pistoni zitaruka nje.

Viatu hubadilishwa magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, hata kama upande mmoja haujaisha, ili gari lisivute upande mmoja linaposimama. Kwa Toyota nyingi lainingi iliyobaki milimita 1 imefika mwisho wake. Grisi ya kustahimili joto ipakwe kidogo sana mahali viatu vinaposugua bamba la nyuma, wala isiguse lainingi. Kisha dramu irudishwe na skrubu irekebishwe mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono huku mkwaruzo mwepesi ukisikika.

Ikiwa mrija wa mafuta au silinda ilifunguliwa, ni lazima hewa itolewe kwa msaada wa mtu wa pili. Chombo kijazwe mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa juu ya kifuniko chake. Mafuta ya injini huvimbisha mipira na kuharibu breki zote za gari. Mtu asiyepata kufanya kazi hii kamwe asijifunze peke yake. Heri angoje fundi apite.

Mwishowe, kabla gari halijasogea, breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu mguuni. Jaribio la kwanza lifanyike mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu atembeaye, gari likiwa tupu. Siku za kwanza dereva asimamishe gari kwa upole ili lainingi zizoeane na dramu, na baada ya safari fupi nati zikazwe tena.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Viatu vya breki ni ufa mdogo, na saa chache za kazi huuziba. Lakini breki ikikanyagwa katika mteremko na isishike, gari likiwa limejaa watu na mbuzi, hakuna ukuta utakaoweza kujengwa tena.