Ushuru na Udugu

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya kwa amri moja. Kuufungua kulingoja hadi Novemba 1983. Mapatano ya kugawana mali ya Jumuiya yakatiwa saini Mei 1984. Na umoja wa forodha ukaanza tena Januari 2005.

Twawakumbusha hayo waheshimiwa wanaokutana Dodoma, kwani lipo shauri la forodha lililo karibu nasi kuliko Namanga. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano tangu 1964. Hata hivyo, kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Visiwani wamelalamika kwamba bidhaa zilizokwisha kulipiwa Unguja hudaiwa tofauti ya kodi zifikapo Dar es Salaam.

Upande wa pili nao una hoja. Mkulima wa alizeti wa Dodoma na Singida hutegemea ushuru unaotozwa mafuta ya kula ya kigeni. Mlango mmoja ukiwa na nafuu, jasho lake hupotea.

Dawa ni makadirio ya namna moja katika bandari zote, na stakabadhi ya Unguja iheshimiwe Bara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.